Alichoandika Bi Lorraine

Kwa miaka kumi na tisa Bi Lorraine Hruska aliwasaili vijana wa mji wetu wa makaa ya mawe waliotaka kuingia chuo alichosoma yeye. Kazi hiyo chuo huwapa wahitimu wake bila malipo: kaa na mtoto saa moja, kisha tuandikie ni mtu wa namna gani. Riziki yake ilikuwa ufamasia, nami nilikuwa msaidizi wake kwenye kaunta ya duka la dawa. Nilimpenda, ingawa alikuwa mgumu kama mkate wa juzi. Katika miaka yote hiyo hakuna kijana wake hata mmoja aliyechukuliwa.

Kisha akaja Corinne Wasko, wa kwanza darasani. Kila Ijumaa alichukua kwetu dawa za baba yake, mchimbaji aliyejaa vumbi la makaa mapafuni. Mama alishafariki. Corinne ndiye aliyemwogesha baba, akamlisha, akamgeuza kitandani.

Yeye na Bi Lorraine walikutana kwa usaili Jumamosi kwenye mgahawa wa donati. Niliketi meza ya jirani makusudi, wala sioni aibu kusema.

"Ukitoka shule unafanya nini?"

"Sina kubwa. Niko nyumbani tu."

"Na nyumbani?"

"Kazi za kawaida, Bi Lorraine. Kama kila mtu."

Kwetu mgonjwa wa nyumbani hasemwi mbele za watu. Ukimtaja, utaonekana unaomba. Mficha uchi hazai, lakini nani angemfundisha?

Jumatatu niliisoma ripoti kabla haijatumwa. "Msichana mwenye adabu. Nje ya masomo hana shughuli za kutaja." Nilikasirika.

"Andika habari za baba yake," nikamwambia. "Si unajua kila kidonge anachomeza?"

"Nimevijua kaunta. Vya kaunta ni siri ya mgonjwa, siviandiki."

"Basi mpigie, umuulize tena."

"Nimemuuliza mara mbili, Dolores. Nimfungue kinywa kwa koleo?"

Akaituma. Mwezi Machi jibu likaja: hapana. Chuo hakisemi sababu, na labda maneno yale hayakuwa na uzito wowote. Mimi nilimlaumu hata hivyo.

Baba akafa mwaka uliofuata. Corinne akaajiriwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kazi aliyokuwa ameshaijua. Miaka sita baadaye Bi Lorraine alipooza upande mmoja, akapelekwa huko huko.

Nilikuwa nimekwenda kumtazama asubuhi moja Corinne alipoingia na beseni. Alimwosha shingo, kisha mkono uliokufa.

"Bi Lorraine," akasema, "siku ile ningekujibu nini?"

Mzee alihangaika na ulimi wake. "Ungesema... habari za baba."

Corinne akakamua sponji.

"Lakini ulikuwa unajua."

Bi Lorraine akaanza kulia kwa jicho moja, lile linaloweza. Corinne akalifuta, akamgeuza upande wa pili taratibu, asimuumize, akaendelea kumwosha mgongo.