Uso wa Mzee kwenye Kikwembe

Mzee aliyekuwa akiwatetea wavunja mawe wa machimbo ya Kakontwe na wafungwa wa gereza la Buluo alikuwa anakaribia kutimiza mwaka tangu afariki. Kamati ya kumbukumbu yake ilikutana tena katika ukumbi wa parokia, na tena tukakwama kwenye kikwembe. Kitambaa hicho hupigwa chapa ya picha ya marehemu, kila mtu akashona nguo ya kuvaa kwenye misa ya kumbukumbu. Swali lilikuwa uso wake ukae wapi.

"Mukiweka katikati, tutaikala juu yake," alisema mkuu wa akina mama wa kwaya. "Minye siwezi kumuikalia papa yetu!"

"Basi mutasimama misa yote," mwenyekiti akajibu.

"Anza weye, uko na magoti ya chuma!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kila Alhamisi mzee alikwenda gerezani Buluo na chakula, akauliza ni nani hajafikishwa mbele ya hakimu. Tangu tumzike, hakuna aliyekwenda. Nilipolisema hilo, mwenyekiti aliniambia, "Iyo tutaona kwa divers, papa." Divers ni mambo mengineyo, mwisho kabisa wa ajenda, wakati watu wameshachukua kofia zao.

Karibu na mlango alikaa mke wa mvunja mawe mmoja. Mume wake alikamatwa baada ya kugombana na msimamizi wa machimbo. Mama huyu alikuja akidhani kwamba kamati ya mzee inafanya kazi ya mzee.

Uso ukahamishiwa kifuani. Mtu akauliza habari ya wanaonyonyesha. Mwenyekiti akaliandika swali hilo kwa makini.

Mama akasimama. "Bapapa, bamama, munisamehe. Bwana yangu iko Buluo. Ni nani ataenda?"

"Vumilia kidogo, mama. Tunamaliza kikwembe."

Alichukua kikapu chake akatoka. Nilimfuata, kwa hasira zaidi kuliko kwa wema.

Alhamisi tulikuwa kwenye lango la Buluo.

"Weye ni avoka?" mlinzi aliniuliza.

"Hapana, mimi si wakili."

"Sasa unatafuta nini?"

"Nataka kujua kwa nini mume wa mama huyu hajamwona hakimu."

Alimruhusu mama aingie na chakula. Mimi aliniambia niende kwa mwendesha mashtaka, Jumatatu.

Jumatatu karani wa huko alituambia turudi kesho. Tulimjibu kwamba tutasubiri. Alikasirika, mimi nilikuwa nimekasirika tangu Jumapili ile ya kikao. Mchana akatupatia siku ya kumfikisha mume wa mama yule mbele ya hakimu.