Amplifaya Mbili Siku ya Kumzika Baba

Nakumbuka siku tuliyomzika baba yangu pale Nyansurura, mwanangu, na leo naikumbuka kwa sababu yako. Juzi ulinipigia simu kutoka Mugumu ukauliza kama muziki wa Kichina, yaani amplifaya na spika zake, unafaa kununuliwa, maana wenzako wanakucheka. Sikukujibu vizuri. Simu inataka maneno mafupi, na jibu langu ni refu kidogo.

Baba hakuacha maagizo mengi. Aliomba jambo moja tu: Mzee Marwa, mwenzake wa rika, ampigie litungu siku ya mazishi, na kila atakayekuja alisikie, hata wale watakaosimama nyuma karibu na zizi. Wewe litungu umeliona kwenye simu tu. Lina nyuzi nane, sauti yake ni nzito lakini haiendi mbali. Na Mzee Marwa mwenyewe kifua kilikuwa kimeshamchosha. Tulipomwendea na kumpa shikamoo, alisema, "Wimbo mmoja nitaupiga. Wa pili msiniombe, sitauweza."

Basi umeona uzito wa jambo. Ilibidi tupate chombo cha kukuza sauti, nacho kikizima katikati, baba angezikwa bila kile alichoomba, na mtu hazikwi mara mbili.

Kaka yangu Mwita, huyu ambaye naye tumemlaza mwaka huu, Mungu amrehemu, wakati huo alikuwa anachimba dhahabu kule Matongo. Alikuja na pikapu, nyuma amepakia amplifaya kubwa nyeusi na spika mbili ndefu kuliko mama yetu. Mbele palikuwa na jina la Kijapani ambalo kila mtu alilijua. Vijana waliishusha amplifaya huku wakihema.

"Polepole! Hiyo siyo Mchina," Mwita akawaambia. "Muuzaji alinibebesha hii, halafu akanibebesha ya Kichina. Ya Kichina nyepesi kama kibuyu kikavu. Nikajua hapohapo."

Na sisi sote tukajua pamoja naye. Ndivyo tulivyo watu wa ng'ombe. Macho yetu yanapenda kitu kizito. Kila aliyefika msibani aliinua kidogo ile amplifaya, akatikisa kichwa kwa heshima, ndipo akaenda kutoa pole.

Haukupita muda, akaja Wankuru, mwalimu wa kwaya ya kanisani. Alikuwa amejitwika amplifaya ya kwaya kichwani, imefungwa kwenye khanga, anatembea kama mtu aliyebeba mboga. Ilikuwa ya Kichina, na jina lake lilikuwa la Kichina hasa, hata kulitamka hatukuweza. Vijana wakaanza.

"Mwalimu, iwekee jiwe juu, upepo utaichukua!"

"Mchina huyo atakohoa kabla ya mchungaji!"

Wankuru akacheka nao. "Chekeni tu. Tumeimba nayo Nyambureti, tumeimba nayo mpaka Tarime. Siku iliyonyamaza ni siku jenereta liliishiwa mafuta, na mwenye kosa alikuwa mume wangu."

Mwita hakucheka. Alisema baba hatazikwa na redio ya mboga.

Mama alikuwa amekaa mkekani na wajane wenzake. Siku zile hakuwa akiongea. Akamwita.

"Mwita, hicho chombo chako umekisikia kikiimba?"

"Mama, hiki ni Japani."

"Sikukuuliza kwao. Nimekuuliza umekisikia?"

"Pale dukani umeme ulikuwa umekatika. Lakini uzito wake, mama, ungekibeba..."

"Ng'ombe akilishwa chumvi akanyweshwa maji asubuhi ya mnada, si anakuwa mzito? Baba yako alikufundisha kumtembeza kwanza, umwone anavyopumua. Na huko Matongo mawe yanayong'aa unayatupa kila siku. Leo umeona jina linang'aa ukasahau kazi yako?" Akainuka mkekani, akasema, "Viwasheni vyote viwili. Mimi nitakwenda kusimama kule zizini. Nitakachokisikia vizuri, hicho ndicho cha baba yenu."

Akaondoka na fimbo yake, na msiba mzima ukamwangalia.

Tukawasha jenereta. Cha Mwita kilianza kwa mngurumo mkubwa, kuku wakatawanyika. Mwita akatabasamu. Kijana mmoja akashika kipaza sauti akahesabu, moja, mbili, lakini tulisikia mvumo tu, maneno hayakueleweka. Mwita akaongeza sauti. Pakatoka harufu ya plastiki inayoungua, moshi mwembamba, kisha kimya.

Mwita alipokifungua tulikuwa tumemzunguka. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hiki ndani yake kilikuwa na kipande cha tofali la saruji, kimefungwa kwa skrubu ili kisitikisike. Pembeni yake palikuwa na kibao kidogo cha umeme chenye nyaya nyembamba, na juu ya kibao hicho maandishi ya Kichina. Kumbe naye alikuwa Mchina, ila aliona haya kusema kwao.

Hakuna aliyecheka. Mwita alikaa chini akaushika mdomo wake. Wankuru akachomeka yake.

Mzee Marwa akaletwa kwenye kiti, litungu mapajani. Alipogusa uzi wa kwanza, mwanangu, nilisahau kupumua. Sauti ilitoka safi. Nilisikia hata kidole chake kikavu kikikwaruza uzi. Akamtaja baba kwa jina la ujana wake, akataja ng'ombe wake, akataja safari zao. Nikageuka kumtazama mama kule zizini. Alikuwa ameinua fimbo juu, kuashiria kwamba anasikia, na aliishikilia hivyo mpaka wimbo ukaisha. Nikalia. Mwita naye akalia, ndiyo kwanza alie tangu afike. Kilikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Sasa nikujibu. Sitakudanganya kwamba kila cha Kichina ni kizuri. Nimewahi kuwa na redio yao iliyokufa kabla ya betri zake. Lakini siku ile kibovu na kizima vyote vilitoka China. Tofauti ni kwamba kimoja kilijificha nyuma ya jina la watu, na kingine kilibeba jina lake kikafanya kazi mpaka watu wakakijua. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukienda dukani usiulize kwanza kimetoka wapi. Kiwashe. Weka sauti ya mtu unayemfahamu, kisha toka nje usimame mbali usikilize. Muulize aliyekaa nacho, siyo anayekiuza. Muuzaji akikataa kukiwasha, mshukuru uondoke. Na watu pia, mwanangu, wapokee hivyohivyo, hasa huyo mchumba wako uliyenitajia kwenye simu, ambaye watu wanakuambia kwao si kuzuri.

Mungu akupe masikio yenye subira. Akupe nyumba yenye sauti za watoto na wageni, na siku utakapohitaji kusikiwa, usikike mpaka kwa aliyesimama mbali. Nenda salama.