Niliacha ualimu Juba nikaingia product design, siku ya jaribio nikaogopa kuliko wanafunzi wangu

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Juba na sitatia chumvi, maana hata bila chumvi yananitisha.

Nilifundisha sayansi primary pale Kator kwa miaka. Mwaka jana nikaacha chaki, nikaingia product design. Kwa wasioijua, ni kazi ya kupanga app itumikeje, mtu aone nini kwanza, abonyeze wapi. Nilijifunza mtandaoni, umeme ukiwepo.

Mke wangu hakunigombeza. Alinyamaza tu. Ukimya ule uliniogopesha kuliko ugomvi.

Kampuni ndogo ikanichukua kwa majaribio. Kazi yenyewe ni app ya wafanyabiashara kukodi nafasi ya mzigo kwenye boti za Mto Nile, pale bandarini. Bosi, dada mmoja mpole (wapole ndio wa kuogopa), akasema mteja mmoja aijaribu mbele yetu. Akishindwa, tunaagana. Na shuleni nafasi yangu ilishapata mtu.

Tukaenda mtaa wa Hai Cinema, dukani kwa Mama Night, Mganda anayepeleka sabuni kaskazini kwa boti. Mwanawe nilimfundisha.

Sharti la jaribio ni moja, usimsaidie mtu. Kaa, tazama, funga mdomo.

Sasa wakuu, mwalimu afunge mdomo mtu amekwama mbele yake?

Alianza vizuri. Akafika pa kuandika uzito wa mzigo, akasimama. Kidole juu juu, hakibonyezi. Nikakalia mikono yangu nisije nikamwonyesha. Bosi anaandika tu. Nikaanza kupanga nitamwambia nini mke wangu.

Mama Night akanigeukia, sauti imeshuka.

"Ustaz, mimi nafeli?"

Ustaz ndiyo mwalimu kwa Kiarabu cha hapa. Macho yake yalikuwa yale yale ya watoto siku ya mtihani. Aliogopa kama mimi, na mimi ndiye niliyemtia huo woga.

"Hapana, mama. Iliyofeli ni kazi yangu."

Nilisema hivyo bosi akisikia. Nikajua nimejifukuza mwenyewe.

Bosi akaacha kuandika, akamuuliza mama mzigo wake huwa anauhesabuje. Kwa katoni, akasema, kilo ni mambo ya watu wa boti. Nikapewa siku chache nibadilishe kilo ziwe katoni.

Tuliporudi dukani ajaribu tena, sikuweza kutazama. Niliangalia viatu vyangu. Nikahesabu matundu ya kamba mara mbili, nikasema moyoni basi, imekwisha.

Nilipoinua kichwa, simu iko mezani, mama anamfungia mteja sukari. Akatuona bado tumekaa.

"Sasa mtihani iko wapi?"

Alikuwa amemaliza kitambo.

Nilichojifunza ni kwamba mtu akiogopa kitu ulichotengeneza, usimkazanie yeye, rudi ukirekebishe kitu chenyewe. Kazi nimebaki nayo, na nyumbani tunaongea tena. Ila kila jaribio bado nakalia mikono.

Nyie mliobadili kazi ukubwani, woga wenu uliisha lini? Niambieni ukweli, hata kama haujaisha.