Nahodha Niliyemtunga Mwenyewe

Aliyekwenda kwenye usaili ni mjukuu wangu, lakini jopo lilinihoji mimi. Kwa simu, nikiwa natia kiraka suruali.

Nianze na jioni iliyotangulia. Binti huyo alikuwa ameomba kazi kwa wakala wa forodha. Akaniuliza, "Babu, hili neno la Kiingereza la ushuru wa mpakani, tariff, asili yake nini?"

Sikujua.

Lakini mtu aliyegonga mihuri mpakani miaka thelathini na moja atakirije hivyo mbele ya mjukuu? Nikakohoa kidogo, kisha nikamsimulia Nahodha Tarifu, haramia aliyetoza kila meli iliyopita mbele yake. Nikampa hadi ndevu nyekundu.

"Babu, wewe kiboko!"

Nikavimba kichwa.

Asubuhi simu ikalia. Sauti ya mama mmoja, nzito.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni mwenyekiti wa jopo. Mjukuu wako anatuletea habari za haramia. Tukimwambia amekosea, anasema babu yake hasemi uongo, tukupigie. Haya, sote tunakusikia. Huyo nahodha alikuwepo?"

Nikamsikia binti akinong'ona, "Waambie, babu."

Nikishikilia uongo, anakosa kazi. Nikikiri, heshima yangu kwisha.

"Hakuwepo," nikasema. "Nilimtunga. Msimhukumu mtoto kwa kosa langu."

Mwenyekiti akaangua kicheko.

"Mzee, hunikumbuki? Karani wako wa dirisha la pili! Ulinisimulia nahodha huyo huyo, nikamwandika kwenye mtihani wa kupandishwa cheo. Nikafeli! Ila enzi zile hakuwa na ndevu."

Kumbe hata uongo wangu haukuwa mpya.

Akanifundisha pale pale: Waingereza walilipata neno hilo kupitia lugha nyingine za Ulaya, lakini shina lake ni la Kiarabu, lenye maana ya kujulisha. Ni orodha ya kuwajulisha wafanyabiashara ushuru wa kila bidhaa. Lina undugu na "taarifa," neno nililoliandika kila siku ya kazi bila kulitazama usoni.

Maswali mengine tisa binti alijisomea mwenyewe, akayapata yote. Kazi wakampa.

Ndugu msomaji, usichokijua, kubali hukijui. Mimi ndiyo kwanza nafanya mazoezi. Jana ameniuliza jambo, nikakohoa, nikafumba macho, nikasema, "Sijui, mjukuu wangu."

Neno hilo lilitoka kwa shida, kama jino.