Boti ya Cuco, Mchangani au Nangani

Kule Caleta Honda, katika nchi kame ya Baja California, Meksiko, mwanamume hapimwi kwa ndevu. Anapimwa kwa namna anavyoiingiza boti pwani. Unakuja moja kwa moja, mashine imefunguliwa kasi hadi mwisho, na watoto wakianza kupiga mayowe ndipo unaiinua mashine kutoka majini. Boti ya faiba inarukia mchanga na kusimama miguuni pa mkeo. Refugio Higuera, waliyemwita Cuco, alifanya hivyo miaka thelathini na minane, na hakuna aliyempita kwa umbali.

Mchanga nao haukuwa na haraka. Ulilisugua tumbo la boti kama msasa, kidogo kidogo, hadi Januari hii Cuco akalibonyeza kwa kidole gumba likabonyea kama tortilla ya jana, ile chapati ya mahindi. Alibandika kiraka, lakini kwa baridi ile gundi haikukauka sawasawa. Na boti ndiyo hiyo hiyo moja. Wanawe walishakwenda La Paz kuosha vyombo mahotelini, na mvuvi wa miaka sitini na tatu haajiriwi hata kufukuza kunguru.

"Itie nanga," alisema Chayo, mkewe. "Ikipanda mchanga tena itafunguka."

"Nanga ni ya watalii."

"Basi kuwa mtalii. Miguu myeupe unayo tayari."

Cuco akaitia nanga, akarudi ufukweni maji yakimfika kifuani. Toño, kaka yake Chayo, alikuwa ameketi akishona wavu.

"Shemeji! Karibu nchini kwetu! Nikuletee kinywaji chenye kimwavuli?"

"Cheka tu, Toño. Meno yenyewe manne, usije ukayachosha."

Watu wakaangua kicheko, na Cuco akacheka nao. Lakini jioni hakugusa maharage yake.

Tatizo ni kwamba watu wa Caleta Honda hawana kamba ndefu ya nanga. Ya nini, kama boti hulala mchangani? Cuco alifunga kipande cha kamba ya mitego, akaona kinatosha. Asubuhi upepo wa kaskazini uliamka kabla ya watu. Kila wimbi lilipokuja, ile kamba fupi iliishika boti pua chini, haikuiacha inyanyuke, na maji yakapanda na kuingia ndani.

"Cuco, iache!" Chayo alipiga kelele.

Hakuiacha. Aliogelea, akapanda, akakata kamba, akawasha mashine. Sasa yalibaki mawili: izame palepale, au aipandishe pwani. Akaifungua mashine hadi mwisho, kama alivyozoea.

Ilikuja vizuri, hata Toño alisimama. Lakini mawimbi yalishauchota mchanga na kuacha mawe wazi. Kiraka kiling'oka kwanza, kisha tumbo likapasuka kuanzia mbele hadi nyuma, kwa sauti kama ya kitambaa kinachochanwa.

Cuco alishuka mwenyewe. Hakuumia popote. Toño akaja na kamba na wanaume watatu, hana utani hata mmoja.

"Tuivute, shemeji?"

"Ivuteni."

"Mpaka wapi?"

Cuco aliitazama nyumba yake, mlango ukiwa wazi, Chayo amesimama kizingitini akiwa amejifunika shali.

"Nyuma ya ule mwamba," alisema. "Mahali ambapo sitaiona nikiwa nakunywa kahawa."