Visiki Kwanza

Mwaka juzi nilisimama kwenye foleni katika ofisi ya kilimo pale Kayanga, nyuma ya mama mmoja mjane aliyebeba kipande cha mgomba kilichotobolewa na fukusi. Migomba yake ilikuwa inaanguka kabla ndizi hazijakomaa, na watoto wake watano walikitegemea kibanja hicho hicho, yaani shamba lake la migomba.

Bwana shamba alimwamkia, akakitazama kipande, kisha akaanza kumsomea mambo ya kufanya: kupalilia, kuweka samadi, kutandaza nyasi, kuchimba mitaro. Alipofika la saba, mama aliinua kiganja.

“Mwanangu, mikono yangu ni hii miwili. Nitajie moja tu, lile ambalo nisipolifanya kibanja kitakufa.”

Bwana shamba aliweka kalamu chini, akafikiri.

“Ng’oa visiki vyote vya zamani, mama. Fukusi wanazaliana humo.”

“Basi kesho naamkia visiki.”

Wiki iliyopita nilimkuta sokoni Nkwenda akiuza mikungu minne minene. Nikamuuliza kama yale mengine ameyafanya.

“Nayafuata moja moja,” akasema huku akicheka. “Sasa niko kwenye samadi.”

Sisi wasomi tungeanza kwa kuunda kamati ya visiki, na fukusi wangetushukuru sana.