Kengele ya Mlango wa Maalim Zakariya

Wanawake wa Mji wa Kale walipohitaji fundi wa vyombo vya umeme, walimwita Nabiha. Mafundi wanaume walikuwa tele, lakini mwanamume huishia ukumbini, akangoja watu wajifunike. Nabiha alivua viatu mlangoni akapita moja kwa moja mpaka jikoni. Alikuwa na miaka arubaini na mmoja. Kazi alifundishwa na babake, Mzee Jamaldin, aliyetengeneza redio katika kiduka cha Ndia Kuu mpaka mikono ikaanza kumtetemeka. Sasa baba na binti waliishi Tononoka, na meza ya kazi ilikuwa katika chumba cha mbele. Redio hazikuwa na wenyewe tena. Kilichomlisha Nabiha ni vitu ambavyo watoto walio ng'ambo huwatumia wazazi wao: kamera za ukutani, taa za kuwashwa kwa simu, spika za kuzungumza nazo. Hufika zikiwa ndani ya maboksi mazuri, na mara nyingi zikakataa kushikana na simu wala mtandao wa nyumba. Hapo ndipo yeye huitwa.

Siku hiyo aliyempigia alikuwa Bi Mwanakuu, mke wa Maalim Zakariya, na Nabiha aliacha kila alichokuwa nacho mkononi. Maalim ndiye aliyemsomesha Kurani tangu ana miaka sita, katika chuo kilichokuwa chini ya nyumba yake. Hakuwa mwalimu wa bakora. Mtoto akikosea, yeye alifumba macho akanyamaza, mpaka mtoto mwenyewe arudi nyuma akaitafute herufi aliyoipoteza.

Alimkuta ameketi ukumbini, kanzu nyeupe, kofia kichwani, mikono juu ya magoti.

"Assalaam aleikum, Maalim. Masalkheri."

"Aleikum salaam," akajibu kwa adabu, akamtazama kama atazamwavyo mgeni. "Wewe ni wa nani, mwanangu?"

Kabla hajajibu, Bi Mwanakuu alimshika mkono akamwingiza jikoni.

"Ndivyo alivyo sasa," alisema. "Mwezi huu ametoka mara mbili mimi sina habari. Mara ya kwanza alionekana Marikiti, ya pili amesimama katikati ya barabara magari yampigia honi. Komeo la juu analifikia mwenyewe, lakini ni zito, lapiga kelele, ndipo nishtuke. Na masikio yangu nayo yashaanza kuchoka. Sheikha ametuletea hiki kutoka Dubai."

Sheikha alikuwa binti yao wa pekee. Kwenye boksi mlikuwa na vipande viwili vidogo vya kubandikwa, kimoja kwenye mlango na kimoja kwenye fremu, na kisanduku cheupe mfano wa kipande cha sabuni. Mlango ukifunguka, kisanduku kingelia kando ya kitanda cha Bi Mwanakuu, na simu yake ingelia pia.

Nabiha alianza kazi baada ya sala ya alasiri. Mlango ule ulikuwa wa kale, umejaa nakshi kila mahali, na pahali pekee palipokuwa laini pa kubandika ni pale palipofungwa komeo. Akachukua bisibisi akafungua skrubu nne, akaliweka komeo na skrubu zake ndani ya kisahani, juu ya kizingiti cha dirisha. Kisha akageukia kisanduku.

Simu ya Bi Mwanakuu ilikiona. Ikaanza kuhesabu: kumi, thelathini, tisini. Ilipofika mia ikaandika kwamba imeshindikana. Akazima, akawasha, akajaribu tena. Akasema labda ni kuta, maana nyumba zile za mawe ya matumbawe zina kuta nene kama urefu wa mkono, mawimbi hayapenyi. Akaitoa ruta ya mtandao chumba cha wageni akaileta ngazini. Haikufaa. Akabadilisha masafa ya mtandao, kwa kuwa vidude kama vile hutaka yale ya polepole. Haikufaa. Akachukua pini akabonyeza kitufe cha ndani mpaka taa ikawaka nyekundu, kisanduku kisahau yote kianze upya. Simu ikahesabu tena mpaka mia, ikashindikana.

Alimpigia Sheikha mara tatu. Simu iliita tu, alikuwa kazini.

Adhana ya magharibi ilimkuta bado amechutama karibu na mlango, jasho likimtiririka. Kule Tononoka babake alikuwa hajapikiwa.

"Bi Mwanakuu, nafikiri simu yako imepitwa na wakati, programu hii haiiwezi. Kesho asubuhi nitakuja na simu nyingine. Wewe lala tu, hapana neno."

Akakusanya vifaa vyake akaenda. Komeo lilibaki kwenye kisahani.

Asubuhi, chai haijaiva, simu ililia.

"Nabiha," ilisema sauti ya Bi Mwanakuu. "Maalim hayuko."

Bi Mwanakuu alikuwa ameamka kusali alfajiri chumba cha nyuma. Alipotoa salamu ya mwisho alihisi ubaridi wa mvua ukiingia ndani. Mlango ulikuwa wazi.

Mtaa mzima ulitoka. Vijana walizunguka misikiti yote, wengine wakateremka mpaka ufuoni. Nabiha alitembea na picha ya Maalim kwenye simu, akiwaonyesha wachuuzi, walinzi, wenye tuktuk, na kila aliyetikisa kichwa aliona kama anamwambia: wewe ndiwe uliyefungua skrubu zile. Mvua haikukatika. Baada ya adhuhuri, Bi Mwanakuu akapigiwa simu na mtu asiyemjua. Alikuwa ameshona namba yake ndani ya kola ya kila kanzu ya mumewe, na mtu huyo alikuwa ameiona.

"Naitwa Kadenge, naokota vyuma huku Kibarani. Nina mzee hapa kando ya maji. Njooni haraka, ana baridi sana."

Walimkuta ameketi juu ya gurudumu kuukuu, nyayo zimekatwakatwa, amevikwa koti la Kadenge, na Kadenge mwenyewe amelowa chapachapa.

"Tangu nimkute ananifundisha alifu, bee, tee," alisema Kadenge. "Mimi ni Mkristo, mama, lakini nikinyamaza alikuwa anataka kuinuka aende. Basi nikawa namfuatisha."

Hospitali walisema ni nimonia, na kwamba mzee wa umri ule mwili hauna tena nguvu ya kupigana. Bi Mwanakuu hakutoka kando ya kitanda. Alimlisha uji kwa kijiko, akamfuta, akamgeuza, na kwa siku tatu Maalim alimwita "dada".

Siku ya tatu Nabiha aliingia, akasimama mwisho wa kitanda kwa kuwa hakuthubutu kusogea. Maalim akafungua macho.

"Nabiha binti Jamaldin," alisema. "Umechelewa leo."

Bi Mwanakuu aliweka kijiko chini taratibu. "Umemjua Nabiha," alisema. "Na mimi je, Zakariya? Mimi ni nani?"

Maalim alimtazama muda mrefu, na usoni mwake mlikuwa na haya, haya ya mtu muungwana aliyesahau jina la mwenyeji wake.

"Mungu akulipe, dada," alisema. "Umenifanyia wema mwingi."

Miaka arubaini na sita walikuwa wameoana. Bi Mwanakuu aliinuka, akajitengeneza buibui lake, akatoka nje. Nabiha alimsikia akilia ukutani, kilio cha chini kwa chini, cha mtu asiyetaka kusikiwa na mgonjwa.

Akapiga magoti. "Maalim, nisamehe. Nilitoa komeo nisilirudishe. Nilikuwa nimechoka. Nisamehe."

Maalim alifumba macho akanyamaza. Nabiha alingoja, kama zamani chuoni.

"Rudi nyuma," alisema mzee mwishowe, "uanze tena." Kisha akalala.

Siku ya tano Bi Mwanakuu alirudi nyumbani kuoga, na akamwomba Nabiha afuatane naye. "Nifungie kile kidude," alisema. "Akirudi akute mlango u tayari."

Nabiha alilirudisha komeo kwanza, skrubu nne, akazikaza mpaka viganja vikamuuma. Kisha akatoa simu mpya aliyokuja nayo na kuanza kazi. Mara hii haikuhesabu hata kumi. Yalitokea maandishi ya Kiingereza ambayo simu ya zamani haikuyaonyesha, na chini yake namba ya simu ambayo tarakimu zake za katikati zilifichwa kwa nyota.

Aliyasoma mara mbili. Bi Mwanakuu alikuwa nyuma yake.

"Yasemaje?"

"Yasema kisanduku kina mwenyewe tayari."

Kiingereza Bi Mwanakuu hakukijua, lakini tarakimu alizijua. Aliinamia kioo, akaziangalia tatu za mwanzo na mbili za mwisho. Ni namba aliyokuwa akiipiga kila siku.

"Hii si ya Sheikha?"

Nabiha alishindwa kumdanganya. "Alikijaribu kwake kabla ya kukituma, nadhani, ahakikishe ni kizima. Basi kikashika akaunti yake, nayo haifutiki hata kwa ile pini. Hakiwezi kushika nyingine mpaka yeye akiachilie kwa simu yake."

"Kwa hivyo siku ile..."

"Siku ile hata ningefanya nini, kisingeshika."

"Na kukiachilia kwachukua muda gani?"

"Dakika moja."

Bi Mwanakuu alikaa kwenye ngazi. Nje mtu alipita akiuza mkate wa mofa, akaita mara mbili, akaenda zake.

"Usimwambie," alisema.

"Bi Mwanakuu, komeo nililitoa mimi. Hilo ni langu, silikimbii."

"Hilo ni lako, nami nimekusamehe mbele ya Mungu. Lakini hili jingine litamuua mwanangu. Yeye ndiye aliyemnunulia babake kitu kimlinde. Mume ashaniondoka, Nabiha, japo yu hai. Niliyebaki naye ni huyu mmoja. Niahidi."

Nabiha aliahidi. Bi Mwanakuu akakichukua kisanduku na vipande vyake, akavifunga ndani ya leso, akavitia chini ya nguo kwenye kasha.

Maalim alifariki siku ya pili yake, asubuhi. Akazikwa alasiri ile ile. Sheikha alifika wakati wanaume wanarudi kutoka makaburini, akamkuta mamake amekaa eda, wanawake wamejaa ukumbini juu ya mikeka. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akauliza, bila kumtazama mtu yeyote, "Fundi ni nani?"

"Ni mimi, dada," alisema Nabiha.

"Nilituma kitu cha dakika tano. Umeshinda nacho tangu alasiri mpaka magharibi, ukashindwa, ukang'oa komeo, ukaenda zako ukalala. Sivyo?"

"Ndivyo. Nimekosa. Niwie radhi."

"Kwa nini hakikushika?"

Nabiha aliinua macho akamtazama Bi Mwanakuu. Bi Mwanakuu alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vikikwangua ukindu wa mkeka.

"Sikujua kukifunga," alisema Nabiha. "Sikuijua kazi."

Maneno hayo hayakukaa ukumbini mle. Wiki ile watu wawili walimpigia kumwambia asije. Mwezi uliofuata simu yake ilikuwa kimya kutwa, na waliohitaji fundi wakatafuta mtu mwingine, kijana mmoja wa kiume, wakavumilia kujifunika.

Mzee Jamaldin alirudi kutoka msikitini siku moja, akakaa mbele ya meza ya kazi bila kuvua kofia.

"Nimesikia ulisema kwa kinywa chako huijui kazi. Ulisema?"

"Nilisema, baba."

Mzee alivuta redio moja kuukuu, akaifungua kwa vidole vinavyotetemeka, akawasha chuma cha kulehemu. "Ndoo ukae hapa," alisema. "Labda mimi ndiye niliyeharakisha. Chuma hushikwa hivi." Akaanza kumfundisha kama mtoto, tangu mwanzo, waya mmoja mmoja. Nabiha, aliyekuwa ameishika kazi hiyo miaka ishirini na tano, alikaa kando yake akatazama, akaitikia, akauliza maswali ambayo majibu yake aliyajua. Kumweleza babake hangeweza. Machozi yalipomjia alisingizia moshi wa risasi ya kulehemu.

Eda ilipokwisha, Sheikha alikuja kumchukua mamake wakakae pamoja Dubai. Nyumba ikafungwa. Nabiha alisikia habari hiyo kwa jirani, baada ya wao kuondoka.

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, alikaa na simu mkononi mchana kutwa, na karibu na kufuturu akapiga. Iliita mara nyingi.

"Assalaam aleikum," ilisema sauti ya Bi Mwanakuu, imechoka, lakini ni ile ile.

"Aleikum salaam, Bi Mwanakuu. Ni Nabiha. Nilitaka kukutakia Ramadhani njema tu."

Upande wa pili vyombo viligongana, kisha sauti ya Sheikha ikasikika kwa mbali, "Nani huyo, mama?"

"Sijui," alisema Bi Mwanakuu. Kisha, karibu na simu, kwa upole mwingi, "Samahani, mwanangu. Umekosea namba."

Hakukata mara moja. Nabiha aliisikia pumzi yake, akaingoja. Ndipo simu ikakatika.